Mlimwita Kenge Kwa Kumwacha Mtoto kwa Bibi? Ngoja Niwape Habari za Mayai ya Mjusi

Najua wengi mmekuja hapa kutafuta umbea wa wikiendi na umbea upo, ila leo nitauzungusha kidogo. Kaa kwenye kiti chako, agiza chai, twende taratibu.

Mnamkumbuka yule dada wa Bongo Fleva aliyetupia picha akiwa ughaibuni kikazi? Jina nalihifadhi, maana wenyewe mnamjua na hapa sio mahakamani. Alienda kupiga shoo na kurekodi, miezi mitatu hivi. Mtoto wake mdogo kamwacha mkoani kwa bibi yake. Basi, hilo tu ndio kosa. Povu lililomwagika chini ya ile picha lingetosha kufulia nguo za mtaa mzima.

Mmoja kaandika, "Kenge wewe, umetaga umekimbia." Mwingine, "Hata mjusi ana huruma na mayai yake kuliko wewe." Ya tatu siwezi hata kuiandika hapa, mama yangu anasoma hii blogu.

Sasa hapo ndipo nilipokaa vizuri. Kwa sababu mimi, pamoja na elimu yangu ya fomu foo, kitu kimoja ninachokijua vizuri katika maisha yangu ni mayai ya mjusi. Siongei kwa kubahatisha. Na ninyi mliotumia mjusi na kenge kama tusi, hamjui mlichokuwa mnakisema.

Nimejulia wapi? Kwa mama.

Mama yangu aliondoka nyumbani Muheza mwaka 2011 nikiwa darasa la tano. Akaenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani. Mimi na mdogo wangu tukabaki kwa bibi. Hiyo stori najua wengi mnayo kwenye familia zenu, sio mpya. Kilicho kipya ni kwamba kijana wa kwenye nyumba anayofanya kazi alikuwa anafuga mijusi. Siku alipoenda kusoma Uingereza, akamwachia mama yangu ile mijusi. Akamwonyesha vyakula, akamwonyesha taa na kipima joto, akapanda ndege.

Mama yangu huyu ni yule yule aliyekuwa anafukuza mjusi wa ukutani kwa fagio mpaka jirani anauliza kuna mwizi. Akanipigia usiku, "Baba, nimeachiwa mijusi miwili humu ndani. Hebu nitafutie huko kwenye intaneti hawa viumbe wanataka nini."

Nikaanza kutafuta. Nasoma usiku, namtumia ujumbe wa sauti asubuhi. Ndivyo nilivyokuwa mtaalamu.

HUYU MJUSI NI NANI

Wafugaji wanamwita lepadi geko, yaani mjusi chui, kwa sababu ya madoa meusi kwenye ngozi ya njano. Kwao ni Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi mwa India, kwenye nchi kavu zenye mawe. Leo anafugwa majumbani dunia nzima, na wengi wanaouzwa wamezaliwa kwa wafugaji.

Usimfananishe na yule wa ukutani kwako. Huyu hapandi ukuta, vidole vyake havina ile gundi. Halafu ana kope, anafumba macho kama wewe, wakati mjusi wa ukutani hana kope, anajilamba jicho kwa ulimi. Mkia wake ni mnene, ndio akiba yake ya mafuta. Akilishwa vizuri anaweza kuishi miaka 15 hadi 20. Yaani ukimchukua leo, unaweza kuwa naye mpaka una watoto wanaokuomba simu.

Mama alikuwa na jike na dume, kila mmoja na boksi lake la kioo. Yule kijana alipokuja likizo akawaweka pamoja siku kadhaa, halafu akawatenganisha.

Dume akinusa jike, mkia unaanza kutetemeka haraka haraka mpaka unasikia sauti. Anamfuata, anamng'ata shingoni kumshikilia, shughuli inaisha kwa dakika chache. Baada ya hapo mfugaji mwenye akili anamtoa dume, maana akibaki anamsumbua jike mpaka anakonda.

Naomba hapo muweke alama. Dume ametoka kwenye stori, hatarudi. Kwenye ile picha ya yule dada nilisoma komenti mpaka kidole kikauma, sikuona hata mmoja aliyeuliza baba wa mtoto yuko wapi. Na huyo baba naye mnamjua, wiki ile ile alikuwa anatupia picha za ufukweni mkampa mioyo na moto. Haya, tuendelee.

KAZI YA JIKE INAANZA KABLA YA YAI

Watu mnadhani kutunza yai ni kulikalia kama kuku. Mjusi chui kazi yake anaimaliza kabla yai halijatoka.

Mimba inachukua kama wiki tatu hadi tano. Ukimgeuza jike taratibu unayaona mayai mawili kwenye ngozi ya tumbo, meupe, kila upande moja. Kwa mkupuo anataga mawili. Na anahifadhi mbegu za dume mwilini, kwa hiyo akipandwa mara moja anaweza kutaga mara kadhaa msimu ule bila kumwona tena dume.

Kutengeneza mayai kunataka kalsiamu, na kama hapewi ya kutosha, mwili unaichomoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu inapinda, taya linalegea, anaweza kufa. Ndio maana mama alikuwa anapaka nyenje unga wa kalsiamu kabla ya kuwatupia, kama mtu anayepaka samaki unga kabla ya kukaanga. Na mkia ule wa mafuta, siku hadi siku unapungua. Jike asiye na akiba ya kutosha hatakiwi kupandishwa kabisa. Wafugaji wanapima kwa mzani, wanataka afike angalau gramu 45 hadi 50 na awe amekaribia au kupita mwaka mmoja.

Siku za mwisho anaacha kula. Anaanza kutafuta mahali. Mama alikuwa amemwekea kopo lenye mfuniko, limetobolewa mlango, ndani kuna udongo laini wenye unyevu. Usiku mmoja nikapata ujumbe wa sauti, mama ananong'ona kabisa, "Baba, anachimba. Anachimba kama mtu aliyeangusha hela ya kodi."

Alichimba usiku kucha. Akijaribu hapa, haridhiki, anahamia pale. Asubuhi mayai mawili yamefukiwa vizuri, udongo umesawazishwa juu, na mwenyewe amelala tumbo limeingia ndani kama mfuko mtupu.

Ametaga, ameondoka. Ndio, hiyo ni kweli. Lakini kabla ya kuondoka alichagua mahali, akapima unyevu, akachimba, akafukia. Alitoa mafuta ya mkia wake na chokaa ya mifupa yake. Hamjaona tu kwa sababu alifanya usiku.

YAI LA MJUSI SIO YAI LA KUKU

Hapa ndio darasa lenyewe, na wafuga kuku mnisikilize.

Yai la kuku kwenye mashine unaligeuza kila siku mara kadhaa. Yai la mjusi chui ukiligeuza unaweza kuua. Ndani ya siku moja hivi baada ya kutagwa, mtoto anajishikiza juu kwenye ukuta wa yai. Ukiligeuza chini juu, anaweza kuachia au kuzama kwenye kiini. Kwa hiyo nilimwambia mama achukue penseli, aweke nukta juu ya kila yai kabla hajalinyanyua, na ile nukta iangalie juu mpaka siku ya mwisho. Akaweka nukta kwa mkono unaotetemeka, mpaka leo picha ninayo.

Ganda lake nalo sio gumu. Ni laini kama ngozi, linanyonya maji kutoka pembeni na yai linavimba kadiri siku zinavyokwenda. Kwa hiyo hayawekwi kwenye pamba kavu. Yanawekwa kwenye chenga za madini mepesi yanayoitwa vamikulaiti, zilizochanganywa na maji kwa uzito sawa, ukikamata mkononi unasikia unyevu ila maji hayachuruziki. Kavu sana, yai linabonyea. Maji mengi sana, linaoza.

Halafu joto. Hii nilipoisoma nilirudia mara tatu. Kwa mjusi chui, joto ndilo linaloamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Ukiweka nyuzi 26, karibu wote watakuwa majike. Ukiweka 32 na kidogo, wengi watakuwa madume. Katikati ya hapo unapata mchanganyiko. Ukipandisha mpaka 34, majike yanarudi tena kuwa mengi, na hao majike wa joto kali wanajulikana kwa ukorofi.

Nikamsimulia bibi kwenye simu. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mume wangu, kumbe hata mjusi halaumu tumbo la mwanamke." Mnaojua wanawake wangapi wameachwa kwa kuzaa watoto wa kike tu, mmeelewa alichomaanisha.

Na joto linaamua siku pia. Kwenye nyuzi 26 unaweza kusubiri miezi miwili, kwenye 32 ni kama siku 35 hadi 40. Mama aliweka 28 na nusu kwenye mashine ya kutotolesha. Tukaanza kuhesabu wote, yeye Muscat, mimi Dar, bibi Muheza.

Nataka niseme kitu hapa. Kabla ya yale mayai, simu zetu na mama zilikuwa fupi. Shikamoo, marahaba, mmekula, ada imefika, kwaheri. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Sio kwamba hatupendani, ila mtu ambaye hujala naye meza moja tangu ukiwa darasa la tano unaongea naye nini? Yale mayai yakatupa cha kuongea kila siku.

Siku ya 12 yai moja likaanza kubonyea na kuota ukungu. Mama akanipigia, sauti imebadilika. "Nimekosea wapi?" Nikamwambia mama hujakosea, jike anayetaga mara ya kwanza mara nyingi anatoa yai lisilo na mbegu. Yai zuri ukilimulika kwa tochi gizani unaona mishipa myekundu, hili tulilimulika likawa njano tupu tangu mwanzo. Akauliza tena, "Una uhakika sio mimi?" Nikamwambia nina uhakika.

Alikaa kimya muda mrefu kwenye ile simu. Mimi na ninyi tunajua kuwa hakuwa anauliza habari ya mjusi peke yake.

Siku ya 51 yai lililobaki likatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, halafu likabonyea. Hiyo ndiyo dalili. Mtoto anachana ganda kwa jino dogo la puani, anatoa kichwa, anapumzika hata masaa kadhaa, anatoka. Kana gramu tatu tu, kana mistari myeusi na ya njano kama nyigu, maana madoa yanakuja baadaye ukubwani. Mama alisogeza mkono kakampigia kelele. Kitu cha gramu tatu kinamtishia mtu mzima! Vidio ile niliiangalia mpaka bando likaisha.

Siku za mwanzo hakali chochote cha kupewa, kinatumia kiini kilichobaki tumboni, na kikijivua ngozi ya kwanza kinaila. Na hakirudishwi kwa mama yake. Mjusi mkubwa anaweza kumla mtoto akidhani ni chakula. Kwa hiyo kwa mjusi chui, mama kuondoka sio ukatili, wakati mwingine ndio usalama wenyewe.

NA KENGE JE?

Sasa twende kwa kenge wenu. Sisi wa Muheza kenge tunamjua, anaiba mayai ya kuku, hilo tusimtetee. Lakini mnajua anapotaga yeye mwenyewe?

Kenge jike anatafuta kichuguu. Anasubiri mvua ilainishe udongo, anakitoboa kwa kucha, anaingia na kutaga ndani, mayai yanaweza kufika 60. Halafu anaondoka. Mchwa wanakuja kuziba tundu, kwa sababu ni nyumba yao. Wakishaziba, mayai ya kenge yako ndani ya chumba chenye joto na unyevu usiobadilika kwa miezi mingi, na ukuta mgumu kama saruji unayalinda.

Kwa hiyo mkimwita mtu kenge kwa kumwacha mtoto, mnamaanisha amemwacha kwenye nyumba imara kuliko zote porini. Asanteni kwa pongezi.

Bibi yangu ndiye alikuwa kichuguu chetu. Alituziba tundu kila upande. Mama hakututupa njiani, alituacha mahali alipopajua, kwa mtu aliyemlea yeye mwenyewe, na kila mwezi ada na hela ya unga ilifika.

Sitaki pia niwadanganye. Mtoto sio yai. Wapo mijusi wanaobaki, kuna mmoja wa Marekani mwenye mistari mitano mgongoni, jike lake linayazunguka mayai mpaka yaanguliwe. Ningetamani mama yangu awe hivyo? Siku ya matokeo ya fomu foo nilitamani sana. Siku nilipolazwa na malaria nikiwa na miaka 13 nilitamani zaidi. Yai linataka joto na unyevu, mtoto anataka na sauti. Hiyo sauti niliipata kwa vipande vya dakika mbili mbili, na ilikuwa haitoshi. Nasema hivyo na bado namheshimu mama, vyote viwili vinaingia kifuani kwa mtu mmoja.

KILICHONIFANYA NIANDIKE

Juzi saa tano usiku mama kanitumia picha ya zile komenti za yule dada. Kumbe na yeye anafuatilia mastaa, mimi sikujua. Chini yake ameandika, "Baba, na mimi huko nyumbani walikuwa wananiita hivi?"

Walikuwa wanamuita. Sio wote, lakini nilisikia kisimani, nilisikia dukani nikitumwa chumvi. Mtu mzima anamwambia mtoto wa miaka kumi na moja kwamba mama yako kafuata raha Uarabuni. Yule mtoto sasa ana blogu.

Kwa hiyo mama, shikamoo. Jibu ni hili andiko lote. Waliokuita hivyo hawakukuona usiku ukichimba. Mimi na mdogo wangu tuko hapa, tumetoka kwenye ganda wazima.

Na ninyi wadau wangu, simkatazi mtu kuhoji mastaa, tungefunga blogu. Lakini kabla hujaandika kenge, uliza mambo matatu. Mtoto ameachwa wapi? Ameachwa kwa nani? Na huyo mama alifanya nini kabla hajaondoka? Ukiwa na nafasi ya swali la nne, uliza na la baba.

Tangazo dogo kwa mliokwisha kutamani kufuga: msiende kumkamata kinyonga au kenge msituni. Wanyamapori hapa kwetu wana sheria na vibali vyake, utaishia kituoni. Ukitaka kuona mayai ya mjusi bila gharama, chungulia nyuma ya fremu ya picha sebuleni au kwenye pembe ya kabati. Vile viwili vidogo vyeupe, vigumu, vya duara, ni vya mjusi wa ukutani. Aliyeviweka hayupo, lakini hakuviweka pale kwa bahati mbaya. Usivigeuze.

Haya, uwanja wa komenti ni wenu. Waliolelewa na bibi tujuane. Matusi nafuta.